Dawa za kuzuia damu kuganda: zinafanya nini ndani ya mwili?

Kuna swali ambalo halikosekani kila tunapozungumzia magonjwa ya moyo kwenye kipindi cha afya. Msikilizaji anatuma ujumbe: amepewa warfarini hospitalini, ameambiwa ataimeza maisha yake yote, na jirani amemwambia hiyo ni dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Sasa anaogopa. Damu ikizidi kuwa nyepesi, si ataishiwa damu? Wengine huuliza kinyume chake: kama ni dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda na mimi najisikia mzima, kwa nini nisiiache?

Maswali yote mawili yanatokana na majina tuliyozoea kuzipa dawa hizi. Ukweli ni kwamba hazipunguzi uzito wa damu, hazipunguzi wingi wake, wala haziyeyushi bonge ambalo tayari limeshaganda. Kinachobadilika ni muda. Damu ya mtu anayetumia dawa hizi huchukua muda mrefu zaidi kuganda kuliko ya mtu mwingine, na muda huo unapimika. Ukilielewa hilo, masharti mengi anayopewa mgonjwa kliniki yanaanza kuwa na maana.

Damu inavyoganda

Ukijikata kisu wakati unamenya viazi, mambo matatu hutokea karibu kwa pamoja. Kwanza, mshipa uliokatwa hujibana ili damu itoke kidogo. Pili, chembe ndogo sana zinazoitwa chembe sahani hukimbilia pale, hunata kwenye kingo za kidonda na kunatana zenyewe kwa zenyewe hadi zinaziba tundu. Lakini kizibo hicho ni dhaifu. Kingesombwa na msukumo wa damu kama isingekuwapo hatua ya tatu, na hatua hiyo ndiyo inayoguswa na dawa tunazozizungumzia leo.

Ndani ya damu kuna protini ambazo muda wote zinazunguka zikiwa kama zimelala. Wataalamu wamezipa namba za Kirumi, kuanzia I hadi XIII. Mshipa ukijeruhiwa, protini moja huamka na kuiamsha ya pili, ya pili huamsha ya tatu, na kila moja huamsha nyingi zaidi ya zile zilizoiamsha. Karibu na mwisho wa msururu huo anatokea fundi mkuu anayeitwa thrombini. Kazi yake ni kuikata protini iitwayo fibrinojeni, ambayo imeyeyuka ndani ya damu, na kuigeuza kuwa nyuzi ngumu za fibrini. Nyuzi hizo hujisuka zikawa wavu, na wavu hunasa chembe nyekundu za damu kama wavu wa dagaa unavyonasa kila kinachopita. Hilo ndilo bonge la damu. Kidonda kimefungwa.

Mwili una breki pia. Kuna protini ambazo kazi yake ni kuuzima msururu huo usivuke eneo la kidonda, na kuna kimeng'enya kiitwacho plasimini ambacho huja baadaye kuukatakata wavu taratibu, kidonda kinapopona. Plasimini ndiyo inayoyeyusha bonge. Warfarini haifanyi kazi hiyo. Inazuia tu bonge lisiongezeke na lisizaliwe jingine, huku mwili ukisafisha lile la kwanza.

Pale kuganda kunapogeuka hatari

Bonge likijitengeneza ndani ya mshipa usiokatwa, huwa kizuizi. Hutokea zaidi damu inapotuama: mtu aliyelala kitandani wiki nzima baada ya upasuaji, mjamzito au mama aliyejifungua karibuni, mgonjwa wa saratani. Bonge la kwenye mguu huufanya mguu mmoja uvimbe na kuuma. Likichomoka, damu hulisukuma kupitia moyoni hadi kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa kwa dakika chache.

Moyo wenyewe nao unaweza kuwa chanzo. Unapopiga bila mpangilio, vyumba vyake vya juu hutetemeka badala ya kusukuma, damu inabaki kwenye kona zake na kuganda. Bonge likitoka upande wa kushoto wa moyo, huenda kokote, ikiwemo kichwani. Ndivyo viharusi vingi vinavyotokea.

Kwetu Tanzania kuna kundi moja ambalo nataka kulikalia zaidi. Katika nchi tajiri, mtumiaji wa kawaida wa dawa hizi ni mzee ambaye moyo wake umeanza kupiga ovyo. Kwetu wapo wengi ambao ni vijana, na wengi kati yao ni wanawake. Safari yao ilianza utotoni na maumivu ya koo yaliyosababishwa na bakteria, yakafuatiwa na homa ya rumatiki, na miaka kadhaa baadaye ikagundulika kwamba valvu za moyo, yaani milango inayoruhusu damu kupita upande mmoja tu, zimekakamaa au zinavuja. Baadhi yao wamefanyiwa upasuaji wa kubadilisha valvu, kwa mfano katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam.

Valvu bandia ziko za aina mbili. Zipo zinazotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe. Hizi kwa kawaida hazihitaji warfarini ya maisha, ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi, kwa hiyo atarudi kwenye meza ya upasuaji. Zipo pia za chuma na kaboni, ambazo zinaweza kudumu miongo kadhaa. Tatizo la hizi ni kwamba damu haizizoei hata siku moja. Inazigusa na kutaka kuganda juu yake, leo, kesho na miaka 20 ijayo. Mwenye valvu hiyo akiacha dawa kwa sababu anajisikia mzima, valvu inaweza kukwama kwa bonge bila dalili ya kumuonya mapema.

Ng'ombe wa Wisconsin

Hadithi ya warfarini ilianzia kwenye zizi. Miaka ya 1920 wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kupoteza ng'ombe kwa ugonjwa wa ajabu: mnyama akikatwa pembe au kuhasiwa, damu haikati hadi anakufa. Madaktari wa mifugo waligundua kwamba ng'ombe hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alipakia kwenye gari lake ng'ombe aliyekufa, klova zilizooza na ndoo ya maziwa iliyojaa damu iliyogoma kuganda, akasafiri kwenye theluji hadi kwenye maabara ya mkemia Karl Link katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Timu ya Link ilichukua miaka kadhaa kukitenga kiini chenyewe, dikumaroli.

Kutokana na kiini hicho walitengeneza viini vingine vingi, na kimoja kilichokuwa kikali zaidi kikaingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Jina warfarini linatokana na herufi WARF, kifupisho cha taasisi ya chuo hicho iliyogharamia utafiti. Mwaka 1954 kikaruhusiwa kutumika kwa binadamu nchini Marekani, na mwaka uliofuata Rais Dwight Eisenhower alikitumia baada ya kupata shambulio la moyo.

Najua kwamba neno sumu ya panya limewafanya watu kuacha dawa. Lakini kinachomuua panya ni kiwango kikubwa kwa mwili wake mdogo, asiye na mtu wa kumpima wala wa kumpa dawa ya kubatilisha. Mgonjwa anapimwa, na dawa ya kubatilisha ipo: ni vitamini K.

Warfarini na vitamini K

Protini nne za kugandisha damu, yaani namba II, VII, IX na X, hutengenezwa kwenye ini, na haziwi tayari kwa kazi mpaka vitamini K iziwekee kile ambacho unaweza kukiita ndoano. Kwa ndoano hizo hushika kalsiamu, na kwa kalsiamu hunata kwenye chembe sahani pale penye kidonda.

Vitamini K ikishafanya kazi hiyo mara moja huwa imechoka, kama taa ya kuchaji iliyozimika. Kimeng'enya kimoja ndani ya ini huichaji upya ili itumike tena na tena, ndiyo maana mwili unahitaji kiasi kidogo tu kutoka kwenye chakula. Warfarini inachomoa chaja. Ini linaendelea kutengeneza protini zilezile, kwa wingi uleule, lakini nyingi zinatoka bila ndoano. Zinazunguka kwenye damu na haziwezi kushika kitu. Damu haijawa nyepesi hata kidogo, ila mafundi waliomo wengi hawana vifaa.

Hapa ndipo linapopatikana jibu la jambo linalowasumbua wanaoanza dawa. Warfarini haigusi protini zilizokwisha kutoka kwenye ini zikiwa na ndoano zao. Hizo lazima zichakae zenyewe. Namba VII hupungua kwa nusu ndani ya saa sita hivi, lakini namba II, ambayo ndiyo inayozaa thrombini, huchukua siku mbili na nusu au tatu kupungua kwa nusu. Kwa hiyo kinga kamili huja baada ya siku tano au zaidi. Tena siku za mwanzo zina hatari yake, kwa sababu baadhi ya zile breki za mwili nilizozitaja nazo hutegemea vitamini K, na moja wapo hupungua mapema. Hii ndiyo sababu mgonjwa mwenye bonge jipya hupewa sindano za heparini pamoja na vidonge vya warfarini kwa siku hizo za kwanza. Heparini haihusiki na ini. Inaipa nguvu mojawapo ya breki za mwili, na inafanya hivyo mara tu inapoingia kwenye damu.

Namba ya kwenye kadi

Kipimo cha warfarini kinaitwa INR. Kwa ufupi, maabara inaangalia damu yako inachukua muda gani kuganda ikilinganishwa na ya mtu asiyetumia dawa. Asiyetumia dawa huwa na INR ya karibu 1. Wagonjwa wengi wa warfarini hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Mwenye valvu ya chuma upande wa kushoto, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini, mara nyingi hutakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo bonge linanyemelea. Ikipita 4 au 5, uwezekano wa kuvuja damu ndani ya mwili unapanda haraka.

Nafasi ni nyembamba, na haiwezekani kuijua kwa kumtazama mtu. Watu wawili wenye uzito sawa, mmoja anaweza kuhitaji miligramu 3 kwa siku na mwingine 10, kwa sababu za kurithi. Usimpe mwenzako dozi yako. Mwanzoni kipimo hufanyika mara kadhaa kwa wiki, na hali ikitulia ni kila baada ya wiki nne hivi. Kwa anayeishi mbali na hospitali kubwa hii ni nauli na siku nzima ya kazi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Ukiona huwezi kufika, piga simu kliniki upangiwe siku nyingine ya karibu, badala ya kukaa miezi mitatu ukimeza dozi ileile bila kujua namba yako.

Mchicha, matembele na juisi ya kuongeza damu

Vitamini K iko kwa wingi kwenye mboga za majani ya kijani kibichi: mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki, majani ya maboga. Ukila nyingi kuliko kawaida yako, unaliletea ini taa mpya ambazo hazihitaji kuchajiwa, na nguvu ya dawa inapungua. Ukiacha ghafla, dawa inazidi nguvu.

Watu wengi wanalisikia hili nusu, wanaacha mboga kabisa. Hakuna anayetaka hivyo. Dozi hupangwa kulingana na chakula chako, kwa hiyo kama nyumbani mnakula mchicha siku nne kwa wiki, endelea kula siku nne. Balaa liko kwenye mabadiliko ya ghafla: msimu wa mvua mboga zikiwa tele bei ya kutupa, au mwezi wa mfungo ratiba ya mlo inapogeuka. Waambie kliniki mapema, wakupime karibukaribu.

Kuna tabia moja ya kwetu ambayo inastahili onyo lake peke yake. Mtu akiambiwa damu yake imepungua, ndugu humchemshia matembele au kumsagia juisi ya majani mabichi anywe kikombe kizima asubuhi na jioni, kuongeza damu. Nia ni njema. Lakini kwa anayetumia warfarini, wiki moja ya juisi hiyo inaweza kuishusha INR chini ya mstari, na mwenye valvu ya chuma yuko hatarini bila yeye kujua. Vivyo hivyo unga wa majani makavu unaouzwa kwenye vikopo, kwa sababu ni majani mengi yaliyokusanywa kwenye kijiko kimoja. Kama damu imepungua kweli, daktari ana njia nyingine ya kuiongeza, na kwanza atataka kujua imepotelea wapi.

Dawa nyingine

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na mara nyingi ni dukani, si hospitalini. Metronidazo ya tumbo, septrini na flukonazo ya fangasi zote huizuia warfarini isiondoke mwilini, nayo INR inapanda ndani ya siku chache. Rifampisini, ambayo ni dawa ya kifua kikuu, inafanya kinyume: huliamsha ini liisafishe warfarini haraka, na mgonjwa anaweza kuhitaji dozi kubwa zaidi kwa miezi yote ya matibabu, kisha ipunguzwe tena akimaliza. Baadhi ya dawa za kifafa nazo hufanya hivyo.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zina hatari ya aina nyingine. Zinakwaruza tumbo na kudhoofisha chembe sahani. Ukizichanganya na warfarini umegusa hatua mbili za kuganda kwa wakati mmoja. Kuna wagonjwa ambao daktari amewapa aspirini pamoja na warfarini makusudi, hao waendelee kama walivyoelekezwa. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kiasi ndiyo nafuu zaidi, ingawa nayo ikimezwa dozi kamili siku nyingi mfululizo hupandisha INR. Sindano za takoni ziepukwe, maana damu huvilia ndani ya msuli.

Ndiyo maana mtu wa kwanza kuonyeshwa kadi yako ya warfarini awe muuza dawa, kabla hajakupa chochote, hata kama ni cha mafua.

Dalili za kukimbilia hospitali

Damu ya puani isiyokata baada ya kubana pua dakika kumi hadi kumi na tano, mkojo mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi, choo cheusi kama lami, michubuko mikubwa bila kugongwa, hedhi nzito kupita kawaida. Mtu aliyeanguka au kupigwa kichwani aende hata kama hana jeraha. Kichwa kinachouma ghafla kwa nguvu, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ni dharura iwe INR iko juu au chini, maana kiharusi huja kwa njia zote mbili.

Mwanamke mwenye valvu ya chuma

Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya ujauzito inaweza kuharibu mifupa na pua ya mtoto inayojengeka, na baadaye inaweza kumfanya avuje damu. Heparini haipiti kwenye kondo, lakini kwa valvu ya chuma kinga yake ni dhaifu kuliko ya warfarini. Hakuna njia rahisi hapa, kwa mama wala kwa daktari. Anayetaka mtoto azungumze na kliniki ya moyo kabla ya kushika mimba, na aliyechelewa hedhi apime mapema aende wiki hiyohiyo. Asiache dawa mwenyewe nyumbani. Kunyonyesha hakuna shida, warfarini haiingii kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto.

Vidonge vipya

Wasikilizaji wenye ndugu Ulaya au Marekani wamesikia kuhusu rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Hizi hazipitii kwenye vitamini K. Mbili za kwanza huishika moja kwa moja protini namba X, ya tatu huishika thrombini yenyewe. Zinaanza kazi ndani ya saa chache, hazihitaji INR wala hazijali mchicha. Kwa bonge la mguuni na kwa moyo unaopiga ovyo bila tatizo la valvu, ni nzuri, kwa anayeweza kumudu bei.

Lakini si kwa kila mtu. Dabigatrani ilipojaribiwa kwa wenye valvu za chuma, jaribio lilisitishwa kabla ya muda kwa sababu wagonjwa walipata mabonge zaidi na walivuja damu zaidi kuliko wa warfarini. Na mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika Kusini wenye mapigo yasiyo na mpangilio kutokana na ugonjwa wa rumatiki. Wengi walitarajia rivaroksabani ingefanya vizuri sawa na dawa ya zamani. Waliotumia dawa za kundi la warfarini ndio waliokufa wachache zaidi, na hawakuvuja damu kupita wenzao. Kwa hiyo mwenye valvu ya chuma akiletewa boksi la vidonge vipya kutoka ng'ambo asibadilishe.

Swali la mwisho linalokuja mara kwa mara ni la dozi iliyosahaulika. Ukikumbuka siku hiyohiyo, hata usiku, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache hiyo ya jana, meza ya leo kwa saa yake bila kuongeza, na uandike kwenye kadi siku uliyoruka ili anayesoma INR yako ajue kwa nini imeshuka.